Siku Kadi ya Bluu Iliponianika kwa Mama Mkwe

Leo nacheka kwa sababu ninyi ni watu wangu, lakini siku yenyewe jamani sikucheka, siku ile ningeonyeshwa shimo pale Ikwiriri ningeingia mwenyewe na kujifukia kwa mikono yangu, na hadi leo nikipita mtaa ule akatokea mtu akaniita kwa nyuma, "Oyaa fundi, kadi ipi kali?" najua huyo alikuwepo, na sigeuki. Basi kaeni niwasimulie mwenyewe, maana kwa wengine mtaikuta imetiwa chumvi, ati nilivua nguo. Sikuvua nguo mimi. Nilivaa. Tatizo ni nguo nilizovaa.

Ilikuwa miaka ile milango imefunguliwa, kila kitu ruksa, Kariakoo kompyuta za mtumba zimepangwa chini kama viatu, na sisi wapiga picha za harusi wa Kibiti tuliozoea kumpa mtu mkanda wake kama ulivyotoka kwenye kamera tukaona tutabaki nyuma, kwa sababu harusi sasa haikuwa harusi bila maua yanayozunguka kwenye kioo na jina la bibi harusi linalotokea herufi moja moja. Nikanunua kompyuta nami. Nikaambiwa kompyuta peke yake haitoshi, lazima iwe na kadi ya picha ya maana. Kadi ya picha (kwa asiyejua, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui) ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta, kazi yake kuichora picha na kuipeleka kwenye kioo, na kikiwa dhaifu bibi harusi wa watu anatembea kwa kukwamakwama kama ameshikwa na kwikwi.

Mwenye duka wa Kariakoo alinipa kadi mbili nikazijaribu, nichague moja, nyingine nimrudishie. Ya kwanza ilikuwa ya kijani, ina kumbukumbu megabaiti sitini na nne, feni yake inavuma hadi unaisikia ukiwa barabarani, na boksi lake limechorwa joka linatema moto. Ya pili ya bluu, megabaiti thelathini na mbili basi, haina feni, ina kibati tu cha kupoozea, nayo haikuwa na boksi wala joka, ilikuwa imefungwa kwenye gazeti. Kitu pekee ilichoizidi mwenziwe kwa macho ni tundu moja la ziada, la duara, la kutolea picha kwenda kwenye televisheni. Nikasema ya kijani hii hapa, mjadala umekwisha, sitini na nne ni sitini na nne.

Chande akakataa. Chande ni rafiki yangu, fundi redio pale stendi ya Kibiti, mtu ambaye hata ukimwambia leo Ijumaa atakuuliza una uhakika gani. Akazigeuzageuza zile kadi, akavaa miwani, akavua, akasema, "Shabani, wewe unaangalia ukubwa wa ghala, huangalii mlango. Hii ya kijani ghala kubwa lakini mlango wake mwembamba, mzigo unatoka kwa foleni. Hii ya bluu ghala dogo, mlango mpana mara mbili. Picha inataka mwendo, haitaki ghala."

"Wivu huo," nikamwambia.

"Basi zipime. Picha moja, kadi mbili, uone ipi inakwama. Tena usipime kwa bibi harusi, bibi harusi wetu hawasogei. Tafuta picha yenye purukushani."

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, mama yangu ananijua, nikishika jambo siachii hata nyumba iwake moto. Nikala yamini nitazipima kadi zile na Chande atanyamaza mbele ya stendi nzima.

Hapo sasa ndipo anapoingia Zuhura, kwa sababu bila Zuhura yote haya yangekuwa mchezo tu. Zuhura ni binti wa Bi Tatu wa Ikwiriri, mama mfanyabiashara wa ufuta, mjane, mwenye sauti ndogo ambayo wapagazi wenye mabega kama milango wanaitii. Nilikuwa nimepeleka posa kwa Zuhura. Mshenga wangu alikuwa mjomba Pazi, kaka wa mama yangu, na jibu alilorudi nalo lilikuwa hivi: Bi Tatu hakukataa, ila amesema mwanawe hamwozeshi kwa mhuni wa ngoma, na wapiga picha wote aliowaona yeye ni watu wa ngoma, hivyo anaomba kwanza amwone kijana huyu kazini kwa macho yake. Na kazi yenyewe akanipa yeye: mkanda wa harusi ya binti yake mkubwa, Mwanaidi. Tutautazama pamoja, pande zote mbili, nyumbani kwake. Ukiisha, atatoa jibu.

Nyie, nilijikaza. Kwenye harusi ile nilivaa suruali yenye mikunjo ya pasi na shati la mikono mirefu, nikampigia Bi Tatu shikamoo hadi akachoka kuitikia, na kila alipopita niliinamisha macho, maana kwetu mama mkwe humtazami ovyo, huli mbele yake, huchekicheki mbele yake, na kucheza ngoma mbele yake ndiyo usiseme kabisa. Kasoro ilikuwa moja. Upande wa bwana harusi ulipoingia uani na tarumbeta, Bi Tatu, kwa furaha ya mzazi, alifunga kibwebwe akacheza, kidogo tu, akakata mauno mawili matatu, akamaliza na kidole juu kama anaonya mvua isinyeshe. Uwanja ulilipuka. Na mimi ndio nilikuwa nabadilisha mkanda wa kamera, sikunasa kitu.

Mnaona ninapoelekea? Nilikuwa natafuta picha ya purukushani ya kupimia kadi, na kichwani mwangu purukushani niliyokuwa nayo ni ile ya Bi Tatu. Basi siku moja nimejifungia dukani kwangu peke yangu, nikaiweka kamera juu ya stuli, nikachukua kanga za dada yangu, moja nikajifunga kifuani, moja nikafunga kibwebwe, nyuma nikasokomeza mto (Bi Tatu ni mama aliyejaaliwa), kisha nikacheza kama yeye, mauno, mabega, na kidole juu. Nilicheza vizuri, siwafichi. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaipima kwa kadi ya kijani: ilikwama kila kiuno kilipozunguka. Nikasema aah, labda ni joto. Ya bluu sikuwahi kuipima, kwa sababu siku ya kuonyesha mkanda ilikuwa imefika.

Nilipanga kazi yangu hivi. Mkanda wa harusi ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza nilikuwa nimeshaimaliza, niliitoa kwenye kaseti kwa mashine ya yule mwenye duka wa Kariakoo. Ya pili ilikuwa bado imo ndani ya kompyuta, na ili itoke kwenda kwenye kaseti ilihitaji lile tundu la duara la kadi ya bluu, waya utoke hapo uingie kwenye deki ya video. Nikabeba kompyuta nzima kwa pikapu, nimeipakata kama mgonjwa, hadi Ikwiriri kwa Bi Tatu. Televisheni na deki vikawekwa barazani chini ya turubai ili mwanga usisumbue, jenereta likawashwa upande wa pili wa baraza, mikeka ikatandikwa, wanaume huku, wanawake kule. Mimi na kompyuta yangu tukapewa chumba cha pembeni, waya nikaupitisha dirishani hadi kwenye deki. Kutoka chumbani nilikuwa siioni televisheni, nawasikia watu tu. Mjomba Pazi akakaa karibu na deki akaniambia, "Nenda kafanye mambo yako, sehemu ya kwanza ikiisha nitakuita."

Bismillahi, sehemu ya kwanza ikaanza, vigelegele, "Maashallah Mwanaidi!", mambo safi. Nikaingia chumbani, nikachomoa kadi ya kijani, nikachomeka ya bluu, nikaunganisha ule waya wa dirishani. Kazi imekwisha. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa na kusubiri mjomba aniite.

Sikukaa. Nikajiambia, Shabani, kadi ya bluu imo ndani, picha ya kupimia ipo, una nafasi, ipime mara moja tu ujue moja. Nikaifungua ile ngoma yangu. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa ndani ya kidirisha kidogo sawa na bahasha, nikaona hata mtu akiingia ghafla naifunika kwa kiganja.

Hiki ndicho nilichokuwa sikijui. Kadi za aina ile, zenye tundu la televisheni, zikiona picha inayotembea huikuza zenyewe zikaipeleka kwenye televisheni ikiwa imejaa kioo kizima, hata kama wewe kwenye kompyuta unaiona ndogo. Na deki nazo, mkanda ukifika mwisho, huanza kurudisha nyuma zenyewe, na wakati zinarudisha huonyesha chochote kinacholetwa na waya. Na sehemu ya kwanza ilikuwa imeisha. Mjomba Pazi hakuniita, kwa sababu mjomba, kama alivyonieleza baadaye, aliona bibi mmoja mnene wa ajabu ametokea kwenye televisheni, akadhani ndiyo sehemu ya pili imeanza.

Nikasikia kicheko kimoja huko nje, cha mwanamke, kilichokatwa katikati. Kisha vicheko kwa pamoja. Nikafurahi! Nikadhani wamefika pale mjomba wa bwana harusi alipokanyaga kanzu yake mwenyewe, sehemu niliyoiwekea maua. Na mimi huku kadi ya bluu inanishangaza, picha inateleza, haikwami hata kidogo, ghala dogo mlango mpana, Chande mshenzi yule alikuwa kasema kweli. Nikairudia kuhakikisha. Nje wakaangua kicheko upya. Nikaiweka mwendo wa pole ili nikague kiuno kinapozunguka, taratiibu, kushoto, kulia, na huko nje kuna mama akapiga kigelegele kirefu ambacho sijakisikia tena maishani. Nikanogewa. Nikasogea dirishani, pazia limeshushwa, nikapaza sauti:

"Mnaionaje? Bado hiyo! Sehemu nzuri inakuja!"

Wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi. Nikarudi nikaisimamisha picha pale kwenye kidole juu, mto umeshaanza kutoka upande mmoja, uso wangu unatazama kamera umekunjwa kwa umakini, nikawa nahesabu mistari ya picha kama inameguka. Haikumeguka. Kadi ile ilinichora vizuri mno, hadi kovu la kidevuni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Zuhura, mtandio umeanguka mabegani, macho yamemtoka.

"Shabani, zima!"

"Ngoja kwanza, njoo uone, hii ya bluu inashinda."

"Zima nakwambia! Mama anaangalia!"

"Anaangalia nini?"

"Anakuangalia wewe!" akasema, akaelekeza kidole kwenye kidirisha changu cha bahasha. "Uko kwenye televisheni, mzima mzima, na mto wako!"

Nikarukia nyuma ya kompyuta, nikashika waya wa kwanza niliouona nikauvuta kwa nguvu zote. Kioo cha kompyuta kikazimika, cheusi tii. Nikamgeukia Zuhura nikihema, "Tayari." Na nje vicheko vikazidi, kwa sababu nilivuta waya wa kioo changu mwenyewe, ule wa televisheni uko palepale, na katika kuhangaika nimegusa kibonye, picha imeachiwa, naendelea kucheza. Sasa wao wananiona na mimi sijioni. Napapasa gizani nyuma ya mashine, sijui nashika nini, Zuhura ananiambia "Huo! Huo! Sio huo!", mpaka nikaona isiwe taabu, nikatoka mbio kupitia uani kwenda kuzima jenereta.

Ili kulifikia jenereta lazima upite mbele ya baraza. Nilitokea pale nikasimama. Watu wote wakanitazama, kisha televisheni, kisha mimi tena, wanalinganisha. Suruali yenye mikunjo huku, kanga za dada kule. Mjomba Pazi alikuwa ameziba uso kwa kofia yake. Na Bi Tatu, ambaye kila mtu pale alishatambua yale mauno ni ya nani na kile kidole ni cha nani, alikuwa amejifunika kanga mdomo na macho, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Akainuka, akapita katikati ya wanawake, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Nilizima jenereta. Mjomba akanifuata, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, mimi nimeposa wanawake wa watu tangu ujana, nimeposea walevi, nimeposea mtu aliyekuwa jela. Hii sijui naanzia wapi."

Basi la kwenda Dar lilikuwa linapiga honi barabarani. Naapa niliiona njia yote ya kutoka pale hadi mlangoni pa basi, na nilikuwa na hamu nayo, Dar nina shangazi, ningekaa huko hadi watu wazeeke. Lakini nikawaza, nikiondoka leo Zuhura ameondoka, na Mwanaidi wa watu sehemu ya pili ya harusi yake haijaonekana. Kazi nilikuja kufanya, sijaifanya. Nikasema hapana. Kama ni kunyimwa mke ninyimwe, lakini si kwa kukimbia. Nikaliwasha jenereta mimi mwenyewe, nikaingia chumbani, nikarekodi sehemu ya pili kwenye kaseti, televisheni imezimwa, huku watu wanasubiri na kunong'ona, kisha nikatoka nikaiweka kwenye deki mbele yao wote na nikasimama pembeni ya televisheni, nimenyooka, hadi Mwanaidi alipotoka ukumbini na jina lake likatokea herufi moja moja. Hakuna aliyecheka hapo. Bibi mmoja alifuta machozi. Bi Tatu hakurudi kuiona.

Kesho yake mjomba alikwenda peke yake kuomba radhi. Mimi nilikaa dukani Kibiti, sili, sinywi, Chande amekaa na mimi na kwa mara ya kwanza hana la kubisha. Jioni mjomba akashuka kwenye pikapu, akakaa, akaomba maji, akanywa yote.

"Amekubali," akasema.

Nikaruka. Akanishika mkono.

"Kaa. Amekubali, lakini ana sharti. Amesema: mke nimempa, ila asiniletee uso wake. Mpaka nitakaposema mwenyewe."

Ndivyo nilivyooa. Nikifika Ikwiriri, Bi Tatu anaingia chumbani. Akija kwetu kumwona mjukuu, mimi natoka kwa mlango wa uani, nyumba yangu mwenyewe, naruka madimbwi na viatu mkononi. Salamu tunapelekeana kwa Zuhura: mwambie mama shikamoo, mwambie marahaba. Mjukuu wa pili akaja, wa tatu akaja, hajasema. Na mimi nikajiwekea amri tangu hapo, sijaribu chombo chochote, hata redio, bila kwanza kutoka nje nikaona nani yuko upande wa pili wa waya. Ngoma ndiyo kabisa, hata harusi za ndugu zangu nasimama kama mlingoti.

Mwaka juzi Bi Tatu alibanwa na kifua. Zuhura alikuwa kitandani, ana mtoto mchanga, hakuna mwingine wa kumpeleka. Nikakodi gari, nikampakia nyuma amejifunika kanga gubigubi, tukavuka daraja hadi hospitali ya Utete, njia nzima hatukusemezana. Alipotundikiwa dripu na kupata nafuu, nikakaa kwenye benchi pembeni ya kitanda nimempa mgongo, kama inavyopaswa. Nikamsikia anaita.

"Mkwe."

"Labeka mama."

"Geuka."

Nikageuka, nikajua ndiyo siku ya kuambiwa yote. Akashusha kanga hadi puani, akanitazama mara moja, akaifunika tena haraka, na mabega yakaanza kutikisika vilevile kama siku ile.

"Mama, unalia? Nimwite nesi?"

"Nalia nini!" ikatoka sauti chini ya kanga, imekatika kwa kicheko. "Siku ile nilikwenda nyuma ya jiko nikacheka hadi nikakaa chini kwenye majivu. Kila nikikuona uso naiona ile ngoma. Sasa mama mzima nitakaaje na mkwe wangu namcheka? Ndiyo nikasema usiniletee uso. Ungeniua, baba."

Nesi akaja mbio akadhani mgonjwa kazidiwa. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye benchi, na niliyokuwa nikiyawaza ni yale madimbwi yote ya uani.